Hadaa Isiyo Uongo: Mantiki ya Chemshabongo na Vitendawili kwa Mifano ya Machakos

IKISIRI

Chemshabongo hutumiwa sana darasani na nje ya darasa, lakini ni nadra kuchunguzwa kama tungo za fasihi simulizi. Mara nyingi huchukuliwa kuwa mzaha wa kujaza dakika za mwisho za kipindi. Makala haya yanachunguza jinsi chemshabongo za Kiswahili zinavyoipeleka akili ya msikilizaji upande usio na jibu bila kusema uongo. Yanabainisha tofauti kati ya kitendawili na chemshabongo, yanafafanua njia nne za hadaa, na yanapendekeza masharti ya kuzitegea na kuzisahihisha kwa haki. Hoja kuu ni kwamba chemshabongo hupimwa kwa mantiki yake. Kwa hiyo, jibu lolote linalotimiza masharti yote yaliyotajwa ni jibu sahihi, hata kama mtegaji hakulitarajia.

1.0 Utangulizi

Msafiri anayetoka mjini Machakos kuelekea Kituluni hufika mahali paitwapo Kyamwilu. Hapo dereva akitoa gia na kuachilia breki, gari huonekana likipanda mlima lenyewe. Maji yakimwagwa barabarani, nayo huonekana yakikwea badala ya kuteremka. Wageni wengi huenda kujionea, na kila mmoja huwa na maelezo yake: wapo wanaotaja sumaku iliyo ardhini, na wapo wanaotaja nguvu zisizoonekana.

Mahali pa namna hii pako katika nchi nyingi. Mwaka 2003 watafiti watatu wa Italia, Paola Bressan, Luigi Garlaschelli na Monica Barracano, walichapisha utafiti kuhusu jambo hilo. Walitengeneza vielelezo vidogo vya barabara juu ya meza, wakabadilisha miinamo yake na kimo cha upeo wa macho, kisha wakawauliza watazamaji barabara inainamia wapi. Watazamaji walikosea vilevile wanavyokosea wapandao milima hiyo. Ilibainika kwamba jicho halipimi mteremko peke yake. Huulinganisha na vilivyo kandokando. Upeo wa kweli ukifichwa na vilima, mteremko mdogo ulio karibu na mteremko mkali huonekana kuwa mwinuko.

Mambo mawili yanafaa kuzingatiwa hapa. Kwanza, barabara haisemi uongo, na maji yanateremka kama yanavyoteremka kwingineko. Pili, kosa limo katika kipimo ambacho mtazamaji amekuja nacho. Chemshabongo nzuri hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Kila neno lake ni kweli, na msikilizaji hupotea kwa sababu ya dhana aliyokuwa nayo kabla ya kusikia swali. Katika makala haya, neno hadaa litatumika kwa maana hiyo: kuielekeza akili upande usio na jibu pasi na kusema uongo.

2.0 Kitendawili na Chemshabongo

Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 yaliyotoka katika jarida la Mulika, aliigawa fasihi simulizi katika tanzu sita: mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi. Katika utanzu wa semi aliorodhesha vipera kama vile methali, vitendawili, mafumbo na kauli-tauria. Chemshabongo haina jina lake katika orodha hiyo. Mtu anaweza kuiweka chini ya mafumbo, lakini ina sifa zinazoitenga.

Kitendawili hutegwa kwa kanuni maalumu. Mtegaji husema, "Kitendawili!" na hadhira hujibu, "Tega!" Hadhira ikishindwa hutakiwa kutoa mji, mtegaji huupokea, ndipo afichue jibu. Miongoni mwa Wakamba, ambao ndio wenyeji wa Machakos, kitendawili huitwa ndai, na anayetegewa huambiwa aishike. Msomi wa Uswidi, Gerhard Lindblom, alichapisha vitendawili, methali na nyimbo za Wakamba katika juzuu la mwaka 1934. Utanzu huu, basi, una mizizi mirefu katika eneo hili.

Jibu la kitendawili hutegemea sitiari. Anayesema "Nyumba yangu haina mlango" anafananisha yai na nyumba. Anayesema "Kuku wangu katagia mibani" anafananisha nanasi na kuku. Hapa pia pana hadaa, maana neno "kuku" linaipeleka akili bandani ilhali jibu liko shambani. Hata hivyo, jibu limekubaliwa na jamii. Mtoto aliyekulia mahali pasipo na nanasi hawezi kulifikia kwa kufikiri tu, sharti arithishwe. Ndiyo maana aliyeshindwa hutoa mji kisha akaambiwa jibu, wala hadai uthibitisho.

Chemshabongo ni tofauti. Jibu lake halirithiwi, bali hutolewa ndani ya maneno ya swali lenyewe. Aliyeshindwa ana haki ya kuuliza, "Kwa nini?" na mtegaji ana deni la kueleza. Maelezo yakikosa kutosheleza, mtegaji ndiye aliyeshindwa. Tofauti hii ndiyo msingi wa yote yatakayofuata.

3.0 Njia za Hadaa

3.1 Hadaa ya neno

Kiswahili kina maneno mengi yenye maana zaidi ya moja: kaa, paa, ua, kata, tai. Mfano ufuatao unatumia neno mbuzi:

Nduku, mzaliwa wa Machakos aliyeolewa Mombasa, aliingia jikoni, akakaa juu ya mbuzi kwa nusu saa, na hapakusikika kilio chochote. Iliwezekanaje?

Jibu ni kwamba mbuzi huyo si mnyama, bali ni kifaa cha kukunia nazi. Msikilizaji wa Machakos, ambako mbuzi wa kufuga wako kila boma, hupotea upesi kuliko msikilizaji wa Mombasa. Hii ina maana kwamba hadaa ya neno hutegemea mahali.

La kuvutia zaidi ni sarufi yake. Katika Kiswahili, upatanisho wa kisarufi hufichua siri. Mbuzi mnyama ni "mbuzi huyu", naye "amelala". Mbuzi wa jikoni ni "mbuzi hii", nayo "imevunjika". Mtegaji akisema "Nduku aliikalia mbuzi", mwenye sikio kali atagundua mara moja. Akisema "Nduku alimkalia mbuzi", atakuwa amedanganya, kwa kuwa kiambishi -m- kinadai kuwapo kwa kiumbe hai. Ndiyo maana mtegaji stadi husema "akakaa juu ya mbuzi", kauli isiyobeba kiambishi chochote cha ngeli. Kwa hivyo, mtungaji wa chemshabongo ya Kiswahili hana budi kuijua sarufi barabara, kwani silabi moja inaweza kuifichua siri au kuigeuza hadaa kuwa uongo.

3.2 Hadaa ya hesabu

Mkulima wa Mwala alikuwa na ng'ombe 17. Ukame ulipokuja, wakafa wote isipokuwa 9. Alibaki na wangapi?

Wengi hujibu 8. Wamesikia namba mbili na tukio la kupungua, wakatoa moja katika nyingine kama walivyozoeshwa shuleni. Lakini neno "isipokuwa" limekwisha kulitaja jibu: waliobaki ni 9. Hapa hakuna neno lenye maana mbili. Hadaa imo katika mazoea ya kutoa namba kabla ya kusikiliza sentensi. Chemshabongo hii inafaa hasa kwa zoezi la ufahamu, kwa kuwa inadhihirisha kwamba mtu anaweza kujua hesabu na akashindwa kusoma.

3.3 Hadaa ya ukoo na jinsia

Baba wawili na wana wawili walinunua maembe matatu katika soko la Marikiti mjini Machakos. Kila mmoja alikula embe zima, na hakuna embe lililokatwa. Iliwezekanaje?

Walikuwa watu watatu: babu, mwanawe na mjukuu wake. Mtu wa katikati ni baba na pia ni mwana. Msikilizaji alihesabu majina ya ukoo akidhani anahesabu watu.

Mfano wa pili unajulikana katika nchi nyingi, na hapa umewekwa katika mazingira ya Machakos:

Baba na mwanawe walipata ajali karibu na Kyumvi, kwenye barabara ya Mombasa. Baba akafariki papo hapo. Mtoto alikimbizwa hospitalini. Daktari mpasuaji alipomwona alisema, "Siwezi kumpasua huyu, ni mwanangu." Daktari huyo ni nani?

Jibu linalotolewa kwa kawaida ni kwamba daktari ni mama yake. Kwa Kiingereza, msimulizi wa kisa hiki hana budi kukwepa viwakilishi, maana kimoja humtaja mwanamume na kingine humtaja mwanamke. Kiswahili hakina tatizo hilo. Kiambishi a- na kiwakilishi "yeye" havina jinsia, wala neno "daktari" halina. Msimulizi anaweza kumzungumzia daktari huyo kutwa nzima, aeleze alivyoamka, alivyonawa mikono na alivyovaa, bila kufichua chochote. Kwa hiyo, anayemwona daktari kuwa mwanamume ameileta picha hiyo mwenyewe. Lugha haikumpa.

Hata hivyo, kisa hiki kikihamishiwa Kiswahili huzaa jambo jingine. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, ndugu wa kiume wa baba ni baba pia: ni baba mkubwa au baba mdogo, na mtoto wa nduguye humwita mwanangu bila kusita. Mwanafunzi akijibu kwamba daktari ni baba mdogo wa mtoto, ametimiza masharti yote ya swali. Vivyo hivyo kwa atakayesema kwamba aliyefariki ni baba wa kambo na daktari ndiye baba mzazi. Swali lilipotoka kwingine lilikuja na jibu moja, lakini lilipovaa Kiswahili liliongeza majibu mengine, kwa sababu neno "mwana" kwetu lina mawanda mapana zaidi.

3.4 Hadaa ya swali lenyewe

Jogoo akitaga yai juu ya kigongo cha paa, yai litaangukia upande gani?

Jogoo hatagi. Wasikilizaji hubishana juu ya upepo na mwinamo wa mabati huku wakiwa wamelikubali jambo lisilowezekana. Hapa hadaa imo katika dhana tangulizi ya swali. Tena sarufi ndiyo inayoamua kama mtegaji ametenda haki. Kiambishi -ki- cha masharti hakidai kwamba tukio limetokea, bali kinauliza lingekuwaje likitokea. Mtegaji angesema "Jogoo alitaga yai", angekuwa ametoa taarifa ya uongo, na wasikilizaji wasingekuwa na kosa kumwamini. Kwa hiyo tungo hii iko mpakani mwa haki, ikinusuriwa na silabi moja.

4.0 Mantiki na Ujasiri wa Kurudi Nyuma

Zipo chemshabongo ambazo hazifichi neno lolote. Kila kitu kiko wazi, na kinachotakiwa ni hatua za kufikiri. Mfano mashuhuri ni wa kuvuka mto:

Mtu mmoja amefika ukingoni mwa Mto Athi akiwa na chui, mbuzi na mzigo wa majani. Mtumbwi unaweza kumbeba yeye na kimoja tu kati ya hivyo vitatu. Chui akiachwa na mbuzi atamla, na mbuzi akiachwa na majani atayala. Atavukaje?

Safari ya kwanza lazima iwe ya mbuzi, kwa kuwa chui na majani ndivyo pekee vinavyoweza kukaa pamoja. Mtu anarudi mtupu, anamchukua chui. Hapa ndipo wengi wanapokwama, maana akimwacha chui ng'ambo pamoja na mbuzi, mbuzi ataliwa. Ufumbuzi ni kumrudisha mbuzi alikotoka. Kisha anavusha majani, anarudi mtupu, na mwishowe anamvusha mbuzi mara ya pili. Jumla ni safari saba, nne za kwenda na tatu za kurudi.

Hakuna aliyesema kwamba kilichokwisha kuvushwa hakirudishwi. Sharti hilo msikilizaji amejiwekea mwenyewe, kwa sababu kurudisha nyuma huonekana kama kushindwa. Hivyo hata katika tungo ya mantiki tupu, hadaa ipo. Tofauti ni kwamba hapa msikilizaji anajihadaa.

Kisa hiki kina nasaba ndefu. Ulaya kimo katika mkusanyiko wa maswali unaohusishwa na Alcuin wa York, aliyefariki mwaka 804, na humo wanaovushwa ni mbwa mwitu, mbuzi na kabichi. Mtaalamu wa hisabati Marcia Ascher amekichunguza kisa hiki katika tamaduni mbalimbali, zikiwamo za Afrika. Zanzibar kina chui, mbuzi na majani, kama ilivyo hapo juu. Miongoni mwa Waila wa Zambia, vya kuvushwa ni vinne: chui, mbuzi, panya na kikapu cha nafaka, huku mtumbwi ukibeba kimoja tu. Hapo hakuna mpangilio wa safari unaoweza kuwaokoa wote, na mtu huyo anafikiria kumwacha mmoja wa wanyama. Anapotafakari, anaona kwamba wanyama hao wamekuwa kama wanawe, basi anaamua kubaki alipo.

Jibu la Waila lina funzo kwa mwalimu wa fasihi. Mtu anayejua tu mpangilio wa safari saba anaweza kulidharau akidhani ni kukwepa swali. Kumbe mhusika amepima kila njia, akaona haziwezekani bila hasara, ndipo akachagua kwa kufuata anachokithamini. Mantiki ilimfikisha mwisho wa uwezo wake, na utu ukaamua yaliyosalia.

5.0 Masharti ya Haki katika Kutega na Kusahihisha

Kutokana na mifano iliyojadiliwa, masharti matatu yanaweza kupendekezwa. Kwanza, kila kauli ya mtegaji iwe kweli, hadi kwenye kiambishi. Pili, jibu litosheleze kila sehemu ya swali, pasibaki neno lisiloelezeka. Tatu, jibu lolote linalotimiza sharti la pili likubaliwe.

Sharti la tatu ndilo gumu. Mwalimu huwa na mwongozo wa kusahihishia wenye jibu moja, na ni rahisi kutia mkasi kila lisilofanana nalo. Kwa kitendawili, utaratibu huo una utetezi wake, kwa kuwa jibu ni mali ya jamii. Hata hapo, jamii tofauti zinaweza kuwa na majibu tofauti kwa kitendawili kimoja. Kwa chemshabongo, utaratibu huo hauna utetezi wowote. Mwanafunzi aliyeandika "baba mdogo" akakosolewa amefunzwa kwamba kufikiri hakulipi, na kwamba kazi yake ni kukisia alichokariri msahihishaji. Mtoto wa namna hiyo akiulizwa swali jingine kesho hatafikiri tena, atasubiri kuambiwa.

Vilevile, namna ya kufundisha inahitaji kuangaliwa. Mwanafunzi anapokariri orodha ya vitendawili na majibu yake, anaingia katika mtihani akijua kwamba nyumba isiyo na mlango ni yai, lakini huenda hajui kwa nini. Njia bora ni kumtaka atunge. Anayejaribu kutunga chemshabongo ya neno "paa" atalazimika kutofautisha paa mnyama, paa la nyumba na kitenzi kupaa. Atagundua kwamba "paa huyu", "paa hili" na "anapaa" haviwezi kufichwa kwa namna moja. Hapo atakuwa amejifunza ngeli, maana na mantiki kwa pamoja.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba chemshabongo hutofautiana na kitendawili kwa sababu jibu lake hutoka ndani ya swali, na mtegaji huwajibika kulithibitisha. Yameonyesha pia kwamba hadaa yake hujengwa kwa neno, kwa mazoea ya hesabu, kwa picha za ukoo na jinsia, na kwa dhana tangulizi, na kwamba sarufi ya Kiswahili huweka mpaka kati ya hadaa halali na uongo. Kwa sifa hizo, chemshabongo inastahili kutajwa kwa jina lake katika uainishaji wa semi.

Wanafunzi wa Kiswahili walioko Machakos wana nafasi nzuri ya kuiendeleza kazi hii. Ndai za Kikamba bado zinategwa na wazee, na chemshabongo mpya zinatungwa kila siku katika matatu na mabwenini. Anayezikusanya asiishie kuandika jibu; aandike pia majibu mengine yaliyotolewa, na sababu zake. Humo ndimo fikra za watu zinamoonekana.

Mgeni aliyefika Kyamwilu na kushangaa anaweza kuchukua pimamaji ya fundi mwashi na kuilaza barabarani. Akishaisoma ataujua ukweli, lakini akiinua macho, barabara itaonekana tena ikipanda. Kujua jibu hakuliondoi kosa la jicho, ila humfanya mtu asiliamini kabla ya kupima. Mwanafunzi aliyezoezwa kwa chemshabongo hupata tabia hiyo hiyo ya kupima.

ZOEZI

1. Mtu alisema, "Sina kaka wala dada, lakini baba wa huyu ni mwana wa baba yangu." Huyu ni nani wake?

2. Tunga chemshabongo moja kwa kutumia neno "kaa". Hakikisha hakuna kiambishi kinachofichua au kinachodanganya.

3. "Jogoo alitaga yai Machakos, yai ni la nani?" Jadili kama swali hili ni la haki, ukizingatia kiambishi cha wakati.

4. Thibitisha kwamba Mto Athi hauwezi kuvukwa kwa safari chini ya saba katika kisa cha chui, mbuzi na majani.

Dokezo la swali la kwanza: "mwana wa baba yangu" wa mtu asiye na ndugu ni yeye mwenyewe. Kwa hiyo baba wa huyu ni msemaji, na huyu ni mwanawe. Je, ni wa kiume au wa kike? Swali halikusema, na anayejibu "mtoto wa kiume" ameongeza la kwake.